Mihtasari ya mikutano ya kijiji: nihesabu nini, na kwa njia ipi?

SWALI: Habari za kazi. Niko na shirika dogo la mazingira hapa Tanga, na papo hapo naandika tasnifu ya uzamili. Tumepata mihtasari 74 ya mikutano mikuu ya vijiji sita vya pwani, kusini mwa jiji, kuanzia 2018 hadi 2022. Mingi imeandikwa kwa mkono kwenye kauntabuku, nasi tumeipiga picha kwa simu. Tunataka kujua wananchi wanalalamikia nini zaidi: uvuvi wa mabomu, ukataji wa mikoko, mipaka ya mashamba au maji. Nimechapa sehemu yake na kuhesabu maneno kwa kompyuta, lakini majibu hayaeleweki. Neno "mpaka" limeongoza kwa mbali. Msimamizi wangu anataka uchambuzi wa maudhui, mwenzangu ofisini anasema uchambuzi wa dhamira. Nishike upi, na nianzie wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, msimamizi wako yuko sahihi, na sababu iko ndani ya swali lako mwenyewe. Umeuliza "nini zaidi". Hilo ni swali la kulinganisha: jambo hili na lile, kijiji hiki na kile, mwaka huu na uliopita. Kulinganisha kunataka hesabu, na hesabu inataka makundi yaliyoelezwa waziwazi kiasi kwamba mtu mwingine akipewa maandishi yaleyale atayapanga kama ulivyoyapanga wewe. Huo ndio uchambuzi wa maudhui.

Uchambuzi wa dhamira, kwa hatua sita walizoziandika Virginia Braun na Victoria Clarke mwaka 2006, unafaa ukiuliza watu wanalielezaje jambo na wanalipa maana gani. Ungekuwa na mahojiano marefu na wavuvi, ningekuelekeza huko. Jihadhari kuzichanganya njia hizi mbili kwenye sura ya mbinu. Braun na Clarke hawashauri kupima makubaliano ya wasimbaji wawili (watu wanaoyapanga maandishi katika makundi kwa kuyapa misimbo) ndani ya njia yao, kwa kuwa wanaichukulia tafsiri ya mtafiti kuwa sehemu ya kazi yenyewe. Kwenye uchambuzi wa maudhui kipimo hicho hakikwepeki. Ukiwataja hao wawili na ukurasa wa pili ukaweka kipimo cha makubaliano, mtahini atakuuliza, na atakuwa na haki.

Kabla ya kugusa neno lolote, tengeneza jedwali la mihtasari isiyokuwapo. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kisheria kufanyika angalau kila miezi mitatu. Vijiji sita, miaka mitano, mikutano minne kwa mwaka: 120. Wewe unayo 74, kwa hiyo 46 haipo. Kwa kila nafasi tupu andika sababu: mkutano haukufanyika, akidi haikutimia, daftari limepotea, au limezuiliwa. Ni nadra mapengo haya kutokea kwa bahati tu. Kijiji chenye mgogoro mkali huenda ndicho kilichoshindwa kuitisha mkutano, na ukiyapuuza mapengo, kijiji hicho kitaonekana shwari kuliko vyote. Ndiyo maana usiseme "mwaka 2020 malalamiko yalipungua" wakati mwaka huo una mihtasari michache. Gawanya kwa idadi ya mikutano yenye muhtasari.

Sasa kipimo cha kuhesabia, na hapa ndipo kazi nyingi za aina yako zinapoharibikia. Neno ni kipimo kidogo mno, muhtasari mzima ni mkubwa mno. Chukua hoja: jambo moja lililoletwa mkutanoni pamoja na majadiliano na azimio lake. Mara nyingi itakuwa aya moja yenye namba. Aya ikibeba mambo mawili, kwa mfano maji na barabara, igawe mara mbili. Jambo moja likienea katika aya tatu, hiyo ni hoja moja. Kazi ya kugawa ifanyike na kukamilika kwanza, kisha ndipo usimbaji uanze. Ukiyafanya yote kwa pamoja utajikuta unagawa aya ili zilingane na makundi unayoyataka.

Muhtasari wa kijiji una mpangilio wake: mahudhurio, kufungua, kuthibitisha muhtasari uliopita, yatokanayo, ajenda za siku, mengineyo, kufunga. Sehemu hizi hazina uzito mmoja. Ajenda hupangwa na uongozi. Mengineyo ndipo mwananchi wa kawaida anapopata nafasi ya kusimama na kuleta lake, kwa hiyo kwa swali lako sehemu hiyo ni ya thamani kubwa, hata kama katibu ameipa mistari minne. Yatokanayo ni mtego. Shauri la mpaka wa shamba lisilotatuliwa litajitokeza robo baada ya robo, na usipoangalia, shauri moja la kaya mbili litahesabiwa mara saba na kufanya ionekane kijiji kizima kinagombania ardhi. Weka safu ya "hali ya hoja" yenye majibu mawili tu: mpya au inayoendelea. Malalamiko yahesabu kwa hoja mpya. Zile zinazoendelea zitakupa jambo jingine zuri la kuandika: muda ambao kila aina ya hoja hukaa bila kutatuliwa.

Kuhusu kuchapa, usizitegemee programu za kusoma picha, zinaweza kukosea kwenye mwandiko wa mkono wa kauntabuku. Chapa kwa mkono, neno kwa neno, pamoja na makosa ya tahajia. Pasiposomeka andika [haisomeki], usikisie. Kisha ongeza safu ya pili yenye tahajia iliyosahihishwa kwa ajili ya utafutaji. Jedwali la Excel linatosha kwa kazi ya ukubwa huu: namba ya hoja, kijiji, mwaka, robo, sehemu ya muhtasari, hali ya hoja, maandishi ya asili, maandishi yaliyosahihishwa, msimbo, jina la msimbaji, maoni. Mihtasari hutaja majina ya watu wanaotuhumiwa. Badala ya jina andika herufi ukiwa bado unachapa, na ufunguo wa herufi hizo uuhifadhi faili nyingine.

Nirudi kwenye hesabu yako ya maneno. "Mpaka" limeongoza kwa sababu katibu ameandika "majadiliano yaliendelea mpaka saa nane" na "kuanzia barabarani mpaka ufukweni". "Mipaka" ni salama zaidi; "mpaka" unalazimika kulisoma kila linapotokea. "Kata" ni hivyohivyo: ukitafuta ukataji wa mikoko utaletewa diwani wa kata, ofisi ya kata na kamati ya maendeleo ya kata. La uvuvi ndilo baya kuliko yote. Ukitafuta vipande "vua" na "vuli" ili unase "wanavua" na "samaki waliovuliwa", utaletewa mvua, msimu wa vuli, kivuli cha mwembe na mwenyekiti aliyevuliwa uongozi. Kiswahili hubandika nafsi, wakati na kauli mbele na nyuma ya mzizi, kwa hiyo kutafuta neno zima kunakosa mengi, na kutafuta kipande kifupi kunazoa takataka. Njia nzuri ni kipande kirefu kadiri inavyowezekana: *vuvi* (nyota ni herufi zozote) kitanasa uvuvi, mvuvi na wavuvi bila kugusa mvua, *mikoko* kinatosha peke yake. AntConc ni programu ya bure inayokubali nyota namna hiyo, tena inakuonyesha maneno ya kushoto na kulia kwa kila tokeo, ili uchuje kwa macho. Itumie kugundua msamiati wa makatibu wako na kukagua hoja zilizokuponyoka. Usiitumie kutoa namba za mwisho. Namba za mwisho zitoke kwenye hoja zilizosomwa na mtu. Na kumbuka kompyuta haitofautishi "maji yamepatikana" na "maji hayajapatikana", ilhali la kwanza ni shukrani na la pili ndilo lalamiko.

Mwongozo wa usimbaji uanze na misimbo isiyozidi kumi na miwili. Kila msimbo uwe na maelezo ya sentensi moja, kinachoingia, kisichoingia, na mfano mmoja au miwili kutoka kwenye mihtasari yenyewe. Kwa mfano, "Uvuvi wa mabomu": hoja inayotaja baruti, mabomu au milipuko baharini, iwe ni taarifa ya tukio, lalamiko au ombi la doria. Haiingii: kokoro, nyavu zenye macho madogo, wala hoja inayosema "uvuvi haramu" bila kutaja zana. Hiyo ya mwisho ipe msimbo wake, "Uvuvi haramu usiotajwa aina". Katibu wa mkutano ni mtendaji wa kijiji, na anaweza kuwa na sababu ya kuandika maneno ya jumla pale watu walipotaja mabomu waziwazi. Hujui, na msimbaji hana ruhusa ya kujaza. Msimbo huo ukijaa katika kijiji kimoja tu, umepata swali la kwenda kumuuliza mtu ana kwa ana.

Weka pia msimbo wa "Mengine", na uuchungulie. Ukivuka takriban asilimia 10 ya hoja, kuna kundi umelisahau, lifungue.

Fanya majaribio kwa mihtasari minane hadi kumi kutoka vijiji vyote sita. Wewe na mwenzako mmoja msimbe kila mtu peke yake, bila kuulizana, kisha mkae mpitie kila mlipotofautiana na kurekebisha mwongozo, wala si kurekebisha majibu tu. Rudieni kwa mihtasari mingine mipya. Kipimo rasmi cha makubaliano mkichukue katika duru ya mwisho, kwa hoja ambazo hamjawahi kuzijadili.

Asilimia ya makubaliano haitoshi. Tuseme mmesimba hoja 100 kwa msimbo wa "Mipaka ya mashamba". Wote mmesema ndiyo kwa 20, wote hapana kwa 60. Wewe umesema ndiyo peke yako kwa 12, mwenzako peke yake kwa 8. Mmekubaliana asilimia 80, na inapendeza kuisikia. Lakini wewe umesema ndiyo kwa 32 kati ya 100, yeye kwa 28. Hata mngejaza kwa kubahatisha kwa viwango hivyo, mngekutana kwenye ndiyo kwa 0.32 × 0.28 = 0.0896 na kwenye hapana kwa 0.68 × 0.72 = 0.4896, jumla 0.5792. Kappa, kipimo alichokitoa Jacob Cohen mwaka 1960, huondoa sehemu hiyo ya bahati: (0.80 − 0.5792) ÷ (1 − 0.5792) = 0.52. Hiyo ni ndogo. Klaus Krippendorff, kwa kipimo chake cha makubaliano kiitwacho alfa, hutaka 0.80, na huruhusu kushuka hadi 0.667 kwa hitimisho la tahadhari tu. Ukiwa na wasimbaji zaidi ya wawili, au hoja ambazo mmoja hakuzisimba, tumia alfa badala ya kappa.

Toa kipimo kwa kila msimbo, usitoe kimoja cha jumla. Msimbo wa maji ukiwa na 0.91 na wa mipaka 0.52, wastani utauficha ule mbovu, na huo mbovu ndio umo katikati ya swali lako. Misimbo adimu ina shida yake: mkikubaliana hapana kwa hoja 94, ndiyo kwa moja, na kutofautiana kwa tano (tatu zako, mbili zake), makubaliano ni asilimia 95 lakini kappa ni 0.26. Msimbo kama huo ama uuunganishe na jirani yake, ama uuripoti kwa maneno bila kuutolea takwimu.

Ukifika kwenye jedwali la matokeo, weka safu mbili kwa kila msimbo: idadi ya hoja mpya, na idadi ya mikutano kati ya 74 ambamo msimbo umejitokeza walau mara moja. Ya pili ndiyo yenye nguvu zaidi, maana hoja za mkutano mmoja huvutana. Mmoja akisimama kuhusu maji, watano humfuata. Kwa sababu hiyohiyo usiingize hoja mojamoja kwenye jaribio la kai-mraba (la kupima kama tofauti za hesabu ni za bahati tu) kana kwamba kila moja imejitegemea.

Na kichwa cha jedwali kisomeke "hoja zilizoandikwa katika mihtasari". Usiandike "malalamiko ya wananchi". Ukitaka kulisema hilo la pili, chagua mikutano sita, mmoja kwa kila kijiji, ukae na watu wanne au watano waliohudhuria, uwasomee orodha ya hoja kama ilivyoandikwa, na uwaulize ni lipi lilisemwa likaachwa nje ya daftari.