Kijana anaonewa shuleni na amekuapisha usimwambie mwalimu: jibu kwa mama wa Kisauni

Mama, umeeleza kwamba kijana wako wa Gredi ya 8 hunyang'anywa nauli stejini, wenzake wamemtengenezea stika za kumcheka kwenye grupu la WhatsApp, naye amekuapisha usimwambie mwalimu. Babake asema arudishe ngumi. Nianze na kiapo, maana hapo ndipo kesi nyingi huharibikia.

Anachoogopa ni Jumatatu. Mzazi akishafoka ofisini hurudi zake nyumbani. Mtoto hubaki na wale wale msalani na stejini, na sasa aitwa mchongezi. Kwa hivyo usimwahidi siri moja kwa moja, wala usimzunguke. Mwambie: "Sitakwenda shuleni kabla hatujapanga pamoja. Lakini nikiona maisha yako yako hatarini, nitakwenda hata ukinikataza."

Usimkalishe kama mshtakiwa. Vijana husema mikono ikiwa na kazi: mkikuna nazi, mkitembea kwenda dukani. Acha "kwa nini hukusema mapema?", muulize ni saa gani ya siku iliyo ngumu zaidi. Mpe karatasi achore kutoka darasani hadi steji, atie alama mahali anapopakwepa. Utaona mara nyingi ni sehemu chache tu, na saa ambazo hapana mtu mzima. Ukisema "wanamsumbua", mwalimu hana pa kushika. Ukisema "nyuma ya vyoo, mapumziko ya saa nne", ana pa kumweka mwalimu wa zamu.

Weka daftari: tarehe, mahali, nani alikuwepo, maneno yaliyotamkwa vile vile yalivyo. Stika na ujumbe vipigwe skrinshoti zenye namba na tarehe, vitumwe kwa simu yako, kisha ndipo atoke kwenye grupu. Fanyeni leo: WhatsApp humpa aliyetuma zaidi ya siku mbili za kumfutia kila mtu. Simu yenyewe usimnyang'anye. Ukifanya hivyo, atakuwa ameadhibiwa kwa kukwambia, na la pili hutalisikia.

Shuleni peleka barua nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Omba mambo mahususi: nani atasimama sehemu zile mlizotia alama, mtoto amwendee mwalimu gani likitokea jingine, na siku ya kukutana tena, isizidi wiki moja. Katalia mambo mawili. La kwanza, kutangazwa kwa kisa chake kwenye paredi. La pili, lile la kuwaweka mwanao na mwonevu pamoja ofisini wapeane mikono. Walimu wengi hulipenda kwa nia njema, lakini wale hawalingani nguvu. Anayeonewa atasema yamekwisha ili atoke tu mle chumbani. Wasikizwe mbalimbali.

Barua ikikaliwa, nenda kwa Bodi ya Usimamizi, kisha ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Mwonevu akiwa ni mwalimu, kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 chakataza adhabu ya viboko na unyanyasaji wa kiakili pia. Namba 116 ya watoto ni bure, usiku na mchana, na kijana mwenyewe aweza kuipiga.

Ngumi za babake? Mwenye kundi ana mashahidi, mwanao hana. Atakayerudishwa nyumbani na barua ni yeye.

Kisha tazama hali yake. Tumbo la Jumapili usiku ni maumivu ya kweli. Hofu huuma mwilini. Ila akikosa usingizi au hamu ya chakula zaidi ya wiki mbili, akiacha mpira alioupenda, akivaa mikono mirefu katika joto hili la Mombasa na hataki kuonyesha mikono, akigawa vitu vyake, au akisema yeye ni mzigo, muulize wazi: "Umefikia kuwaza kujiua?" Kuuliza hakumtii wazo hilo, humpa ruhusa ya kusema. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake hata kidogo, dawa na sumu zote za nyumbani zifungiwe, na apelekwe hospitali ya Coast General au ya Port Reitz siku hiyo hiyo. Hofu ya polisi isiwazuie: Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakwenda kinyume na Katiba.

Bibi akisema ni jicho, msigombane. Kisomo kiendelee, na kliniki iendelee. Kimoja kisisimamishe kingine.

Jioni, usimpokee kila siku kwa "leo wamekufanya nini?" Nyumba itageuka mahakama ya pili. Dakika kumi za mazungumzo ya mengine zatosha, na yeye atalileta mwenyewe. Na awepo mtu mzima wa pili, awe khalati, mjomba au ustadhi wa madrasa anayemwamini. Kijana mwenyewe ndiye amchague, kwani huenda kuna maneno atakayoyaficha ili wewe usilie.