Kabla ya Kubonyeza L

Juzi kijana mmoja wa Kakamega alinitumia ujumbe. Ana kompyuta ya mezani yenye diski ya GB 500, anataka Windows XP na Windows 10 zikae pamoja. "Fundi, nigawe vipi?" Nilianza kumjibu kwa mkato, tanguliza ile ya zamani, halafu nikafuta. Jibu hilo ni sahihi, ila nililijua hata siku ile nilipoharibu kazi ya mama wa watu.

Ilikuwa 2019, hapa Kisumu. Mama huyo hushona sare za shule karibu na soko la Kibuye. Mashine yake ya kutarizi nembo huunganishwa na kompyuta kwa waya wa pini tisa, na programu yake haitaki kitu kingine ila XP. Pia alihitaji Windows 10 ya mambo ya kodi, ya KRA. Kompyuta tayari ilikuwa na Windows 10 kwenye C, na nembo zote kwenye D: shule thelathini na kitu, kila moja na simba wake, mwenge wake, kitabu chake kilichofunguliwa.

Nikajiona mjanja. Nikapunguza C, nikatoa patisheni mpya, yaani kipande cha diski, ya GB 100 ya kuwekea XP. Sikujali kwamba ile ya nembo nayo ilikuwa GB 100. Napenda namba zilizotimia, ugonjwa huo ninao hadi leo.

Walioitumia XP wanakumbuka ile skrini ya buluu ya kuchagua patisheni. Hakuna picha, hakuna kipanya, ni orodha tu: herufi, na ukubwa kwa MB. Mbili zilikuwa kama pacha, 102400 na 102399. Nilitafuta E, kwa kuwa Windows 10 iliiita ile mpya E. Kumbe kila mfumo hujigawia herufi zake, na E ya XP ilikuwa D ya mama. Nikabonyeza D ya kufuta. XP ikaniuliza kama nina hakika, nikabonyeza L. Nilikuwa napiga mluzi.

Jioni Windows 10 ikagoma kuwaka, maana XP ilikuwa imeandika upya sehemu ya kuwashia. Hilo nililimaliza kwa bootrec, amri ya Windows ya kurekebisha sehemu hiyo. Kisha mama akaja, akafungua, akatazama.

"Fundi, nembo zangu ziko wapi?"

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Usiku kucha nilikesha na TestDisk, programu ya kurudisha vilivyofutwa kwenye diski, lakini XP ilishamwaga faili zake juu ya za mama. Niliokoa kumi na moja. Zilizobaki tulizichora upya, yeye akinishikia masweta makuukuu juu ya skana, jioni baada ya jioni. Hakunilipa, na sikudai.

Basi sikiliza, kijana. Kwanza hamisha kazi yako nje ya diski. Si kwenye patisheni nyingine, nje. Tumia MBR, ule mtindo wa zamani wa kugawa diski, kwa sababu XP ya biti 32 haiwezi kusoma GPT, ule mpya, na diski yako haijafikia TB 2 ambapo MBR hukomea. MBR hukubali patisheni kuu nne tu, kwa hiyo piga hesabu mapema. Weka XP, kisha Windows 10. Ile mpya huitambua ya zamani na kukupa orodha ya kuchagua kompyuta ikiwaka. XP ikigoma kwa kosa 0x0000007B, ingia BIOS, ile mipangilio ya kabla ya Windows kuwaka, ubadilishe namna ya kusoma diski, AHCI iwe IDE, maana XP haikuja na draiva ya AHCI. Kwenye Windows 10 zima Fast Startup, ile ya kuwaka haraka, la sivyo haizimiki kabisa, na XP ikigusa patisheni zake faili zinaharibika.

Na ukubwa. XP ipe GB 40, Windows 10 GB 200, kazi ichukue zilizobaki. Zitofautiane kiasi kwamba hata ukiwa na usingizi hukosei. Herufi usiziamini.

Ninyi vijana mnatazama video ya dakika nane, kesho mmetundika kibao cha fundi mlangoni. Diski ya mteja iogope! Hamisha kazi yake kwanza. Nilishasema? Nasema tena, hamisha. Na XP usiipe intaneti, Microsoft iliacha kuitunza Aprili 2014. Windows 10 nayo imeachwa Oktoba 2025, lakini mashine nyingi za huku kwetu haziwezi Windows 11, tutafanyaje.

Mama yule hunisalimu vizuri tukikutana Kibuye. Kompyuta yake huipeleka kwa fundi mwingine, upande wa Kondele. Wewe ukifika kwenye ile orodha ya buluu, piga picha ya skrini unitumie, kisha subiri nikujibu.