Sarafu ya Nero ina meno

SWALI: Shikamoo mzee. Nipo Uyole, Mbeya. Jamaa ananiuzia sarafu ya dhahabu ya Roma yenye kichwa cha Nero, yule mfalme wa Roma, anataka laki sita. Anasema babu yake alirudi nayo vitani. Sonara ameipima, gramu 4.1. Ukingoni ina meno meno. Ninunue?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usitoe hata mia.

Hayo meno yamemaliza kesi. Sarafu za dhahabu za Roma ziligongwa kwa nyundo, moja moja, ukingo ukabaki mtupu, tena mara nyingi haukai duara sawasawa. Meno ni kazi ya mashine, karne nyingi baadaye.

Uzito nao unamuumbua. Kuanzia mwaka 64 baada ya Kristo Nero alitoa sarafu za dhahabu 45 kwa ratili moja ya Kirumi, yaani karibu gramu 7.3 kila moja. Zile za gramu 4.5 ni za Konstantino, mfalme wa baadaye, miaka ya 300 huko, na sura yake si ya Nero. Halafu soma maandishi: Warumi waliandika AVGVSTVS, kwa V. Ukiona U yenye tumbo la mviringo, rudisha.

Na bei! Gramu saba za dhahabu karibu safi, nani kule machimboni Chunya atakupa kwa laki sita?

Mimi mwenyewe niliwahi kununua "ya Kaisari" stendi. Nikaiweka kwenye siki usiku mmoja. Asubuhi siki imekuwa kijani: shaba hiyo, si dhahabu. Mke wangu bado anaitumia sarafu hiyo kuzuia mlango wa kabati usifunguke.