Betri zilizovimba

SWALI: Shikamoo fundi. Nina kibanda cha simu Manzese. Ndoo imejaa betri zilizovimba, na vijana wa skrepa wanachoma nyaya uani wapate shaba. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Anza na ndoo, maana hiyo ndiyo itakayokuunguzia kibanda. Betri ya lithiamu iliyovimba usiitoboe wala usiianike juani. Ziba ncha zake kwa selotepu, uifukie kwenye mchanga mkavu ndani ya debe la bati, mbali na solda. Kisha mtafute mkusanyaji mwenye kibali cha NEMC, baraza la taifa la mazingira. Mwenye toroli atachukua shaba, betri ataitupa mtaroni.

Nyaya wamenye kwa kisu. Moshi wa PVC, plastiki inayofunika nyaya, una dioksini, sumu ya saratani, ila waambie kwanza kwamba shaba isiyoungua ina bei nzuri zaidi. Hapo watakuelewa.