Tarehe Uliyoichapa Mwenyewe Ndiyo Itakayokuumbua

Ratiba yangu ya kwanza ya Microsoft Project, programu ya kupangia ratiba za miradi, ilipendeza machoni. Jengo la ghorofa nne Mikocheni, kazi mia na kitu, kila moja na tarehe yake ya kuanza na ya kumaliza, mistari imeshuka kama ngazi. Nikaitoa kwenye karatasi kubwa, nikaibandika ndani ya kontena tulilofanya ofisi ya saiti. Mvua za Machi zikaja, mashimo ya msingi yakajaa maji, tukakaa wiki mbili tunapiga pampu. Nikarudi kwenye kompyuta, nikasogeza kazi ya msingi wiki mbili mbele. Tarehe ya kukabidhi jengo haikutikisika hata siku moja. Nikafurahi, nikaipeleka kikaoni.

Mshauri mwelekezi, mzee mmoja mpole, akaitazama, akaniuliza: "Kijana, hapa nguzo zinasimama na msingi bado haujamwagwa zege. Zimesimamia wapi?"

Kikao kizima kilicheka, foremani akacheka zaidi. Wewe uliyekabidhiwa Microsoft Project wiki iliyopita kwa sababu tu unajua kompyuta, nakuandikia usije ukapita nilikopita.

Kosa langu lilikuwa moja: nilichapa tarehe pale nilipotakiwa kuunganisha kazi. Programu haikujua kwamba nguzo zinasubiri msingi. Ilijua tu kwamba nimeipa tarehe 3, basi ikakaa na tarehe 3.

Na hapa pana jambo ambalo programu hailitangazi kwa sauti. Kazi inayopangwa kiotomatiki, kwenye mradi unaohesabiwa kutoka mwanzo, huanza na sharti, yaani kanuni ya lini kazi ianze au iishe, la "mapema iwezekanavyo". Ukiandika tarehe kwenye safu ya kuanza, sharti linabadilika lenyewe na kuwa "isianze kabla ya tarehe hii". Haya, hilo walau lina mantiki. Sasa andika tarehe kwenye safu ya kumaliza. Wengi hudhani wameweka ukomo: kazi iishe ifikapo Ijumaa. Kumbe wameandika kinyume chake: "isimalizike kabla ya Ijumaa". Yaani mafundi wa lipu wakiwahi siku tatu, ratiba yako haitawaita mafundi rangi mapema, kwa sababu wewe mwenyewe umeikataza. Nimewaona watu wa miaka kumi kazini hawalijui hili.

Utajuaje kama umeshafanya hivyo? Tazama safu ya alama upande wa kushoto. Penye kikalenda kidogo pana sharti la tarehe. Afadhali zaidi, ongeza safu mbili kwenye jedwali, ya aina ya sharti na ya tarehe ya sharti, kisha chuja upate kila kazi ambayo si "mapema iwezekanavyo". Nilipofanya hivyo kwenye ile ratiba yangu, karibu kazi zote zilitokea. Tazama pia safu ya hali ya kazi: penye alama ya pini ya kubandikia, kazi hiyo inapangwa kwa mkono, na haitasogea hata ile iliyoitangulia ikichelewa. Tangu toleo la 2010 kazi mpya huanzia kwenye hali hiyo usipobadilisha, kwa hiyo ibadilishe kabla hujaandika mstari wa kwanza.

Aina za masharti zipo nane. Huna haja ya kuzikariri. Mbili za kuogopa ni zile zinazosema "lazima ianze tarehe hii" na "lazima imalizike tarehe hii". Kwa kawaida programu huheshimu tarehe hizo hata kama kazi iliyotangulia haijaisha, na ndipo unapopata nguzo zinazoelea. Alama ya kukushtua ni mwanya, yaani muda ambao kazi inaweza kuchelewa bila kuchelewesha mwisho wa mradi, ukiwa chini ya sifuri. Ukiona hasi 10, maana yake umeshachelewa siku kumi, ila karatasi inakustahi.

Basi sharti la tarehe lina kazi gani? Lina kazi pale sababu inapotoka nje ya saiti. Lifti yetu ilikuwa ndani ya meli. Hakuna kazi ya fundi yeyote ambayo ingeisogeza meli, wala kuuharakisha ushuru bandarini. Hapo niliweka "isianze kabla ya" tarehe ambayo wakala wa forodha alituambia, na pia nikaiunganisha na kazi ya shimo la lifti. Vyote viwili. Meli ikiwahi na shimo likachelewa, ratiba inafuata shimo. Meli ikichelewa, inafuata meli.

Tarehe ya mkataba usiifanye sharti. Ipo sehemu ya kuweka tarehe ya mwisho kwenye taarifa za kazi. Ukiiweka huko, mshale wa kijani unatokea kwenye mchoro wa ratiba, kazi inabaki huru kusogea, na ikivuka mshale inakuwekea alama nyekundu. Bosi anauona ukweli mapema, hata kama hataupenda.

Mvua nayo si sharti, ni kalenda. Masika ya Dar yanajulikana, Machi mpaka Mei, na vuli Oktoba mpaka Desemba. Tengeneza kalenda ya kazi za nje, punguza siku kwenye miezi hiyo, uifunge kwenye kazi za kuchimba na kumwaga zege. Lipu ya ndani iache na kalenda ya kawaida. Idd weka kwenye kalenda kuu, na acha siku moja ya ziada, maana mwezi hauandami kwa amri ya mpanga ratiba.

Zege lina lake. Kalenda ya kawaida ya programu ni Jumatatu hadi Ijumaa, lakini zege halijui Jumamosi. Ukiandika siku 28 za kusubiri majibu ya nguvu ya zege, kuanzia Jumatatu, kwa kalenda hiyo zinageuka siku 38 za kawaida. Andika 28ed, ile e ikitangulia d, nayo itahesabu siku zote mfululizo, sikukuu ikiwemo.

Kuna siku nilijiona mjanja. Vigae vilikuwa vinaibwa saitini, nikaviwekea sharti la "kwa kuchelewa iwezekanavyo" ili vije karibu na siku ya kutandika. Wazo halikuwa baya, ila sharti hilo lilikula mwanya wote uliokuwepo. Gari la vigae lilipokwama siku mbili, jengo zima likasogea siku mbili. Sasa naviunganisha na kazi ya kutandika na kuacha siku tano katikati, na mlinzi anajua ni siku zipi asisinzie.

Kabla hujaanza kufuta masharti kwenye ratiba uliyorithi, hifadhi nakala. Kisha kwa kila sharti utakalolibakiza, andika kwenye maelezo ya kazi nani aliitaja tarehe na siku gani. La lifti bado nalikumbuka: "Wakala, kwa simu, Jumanne." Wiki mbili baadaye yule wakala alikana, nikafungua maelezo, nikamsomea.