Maswali na Majibu: Maneno Yanapohama Maana

Nafundisha shule ya msingi Kampala. Nilitumia sentensi "panda gari" darasani, mzazi mmoja mzee akaniomba nitafute nyingine. Kuna ubaya gani?

Kisarufi, hakuna. Lakini miaka ya mwanzo ya 1980, vita vya Luweero kati ya serikali na waasi vikiendelea, askari wa serikali ya Obote walizingira mitaa ya Kampala na viunga vyake, wakawakusanya raia na kuwaamuru kwa Kiswahili: panda gari! Malori yakaondoka nao, na baadhi yao hawakuonekana tena. Misako yenyewe ikaitwa panda gari, jina linalojulikana hata kwa asiyezungumza Kiswahili. Mwanafunzi wako anasikia safari, mzee anasikia lori la askari, na maana zote mbili ni za kweli. Andika "panda basi". Somo halipungui kitu. Wakishakua, wasimulie kisa chenyewe, maana ni historia yao.

Boda boda ni baiskeli au pikipiki? (Busia)

Siku hizi ni pikipiki. Zilianza kama baiskeli hapo hapo kwenu, zikivusha watu kati ya Uganda na Kenya, waendeshaji wakinadi "boda, boda", yaani mpakani. Leo mtu huipanda Wandegeya akashukia Nakawa, humo humo Kampala, mbali na mpaka, na hakuna aliyedhurika.

Mgeni wangu kutoka Tanzania anasisitiza niseme "mafuta mengi", si "mafuta mingi". (Jinja)

Ukinunua ya kupikia, mfuate. Ila Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, waliogawiwa maduka yao na kutajirika ghafla waliitwa mafuta mingi. Hilo ni jina la watu. Ukisahihisha ngeli umelifuta.

Basi tuyazuie maneno yasibadilike? (Arua)

Hatuwezi. Afande limetoka kwa Waturuki, waliomwita hivyo msomi wa kuheshimiwa. Sisi tunamwita hivyo askari.

Kinachoniuma ni maana kupotea bila kuandikwa. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni, nasi tunaegemea mno kamusi za majirani. Kwa Watanzania, mchakamchaka ni kukimbia kwa pamoja mkiimba. Hapa chakamchaka ni mafunzo ya siasa na bunduki. Waandishi wa vitabu, nawasihi, wekeni zote mbili. La sivyo mtoto atadhani shangazi yake alikwenda Kyankwanzi, kwenye chuo cha mafunzo hayo, kukimbia tu.