Re: Fundi anataka kuniwekea nyota 4.9 Google, nimlipe?

USIMLIPE mkuu. Niliposoma hapo fundi wako wa saiti anaposema ataweka nyota 4.9 na maoni mia tatu ndani ya JSON-LD, ile skripti ya maelezo inayofichwa kwenye peji ili Google waisome, "kwenye peji hayataonekana ila Google watayaona", presha ikanipanda. Maneno hayohayo niliambiwa na chalii mmoja wa Arusha. Mimi napandisha wageni mlima hapa Moshi, skripti nazijulia wapi?

Jamaa alienda TripAdvisor, saiti ambayo wasafiri wanaandika maoni, akajumlisha maoni ya wageni wetu akayashindilia kwenye skripti. Google wanakataza kuchukua maoni ya saiti nyingine ukayafanya yako. Halafu tangu Septemba 2019 ukijitambulisha kwenye skripti kama LocalBusiness (biashara ya mtaani) au Organization (taasisi), nyota za maoni ya saiti yako mwenyewe hawazionyeshi kwenye matokeo, na chalii alilijua hilo! Akazunguka mlango wa nyuma, safari ya mlima kwa njia ya Machame siku saba akaiita Product, yaani bidhaa, utadhani tunauza masufuria. Akapitisha kwenye Rich Results Test, kifaa cha Google cha kukagua skripti, kijani tupu, "umeona bosi". Ile test inaangalia kama umeandika sawasawa, haina habari kama unadanganya. Nyota zikatokea kweli, nikamnunulia na nyama, kwa hela yangu mwenyewe.

Baadaye Search Console, pale Google wanapompa mwenye saiti taarifa zake, ikaleta Manual action, yaani adhabu baada ya mtu kabisa wa Google kukaa akakagua. Nyota zote chali. Nafasi yetu kwenye matokeo haikushuka maana adhabu hii haigusi nafasi, ila tukabaki jina kavu katikati ya watu wenye nyota, klik zikakauka, na ndio kipindi wageni wanabuk ya Julai na Agosti. Wagumu, yaani wapagazi wetu, wanakuja ofisini wanauliza mbona hakuna safari, niwaambie nini, JSON? Kumpigia chalii eti "Google wamebadilisha mambo bosi". Wamebadilisha nini wewe, sheria ilikuwepo na wewe ndiye ulikuwa unaikwepa!

Kutoka humo nilifuta yale maoni kwenye KILA peji, sio hom peji tu, nikatuma ombi wakague upya nikasema ukweli wote, nikasubiri roho juu.

Kwa hiyo shika hili moja: mgeni asichokiona kwa macho yake kwenye peji, kwenye skripti kisiingie. Jina, simu, ofisi ilipo, saa za kazi, bei kama umeiandika wazi, basi. Na akikuuzia FAQ, yaani skripti ya maswali na majibu, ili utanuke kwenye matokeo mkatalie pia, Agosti 2023 Google waliibana ikabaki kwa saiti za serikali na za afya zinazoaminika, wewe na mimi tunauza mlima.

Wewe kwanza ingia Search Console, fungua Security & Manual Actions, uangalie kama huyo fundi hajaanza kazi kabla ya advansi.